Ukuta Pamoja na Mtaa Wake: Mwongozo wa Kupiga Picha Pana za Michoro ya Mitaani

Simama mbele ya ukuta uliochorwa, ule mrefu wa mita kumi na zaidi, upige picha moja kwa simu. Ukisogea karibu utapata sikio la simba na nusu ya jina la mchoraji. Ukirudi nyuma mpaka ukuta wote uenee, mchoro unageuka utepe mwembamba katikati ya picha, juu anga tupu, chini lami. Macho yako yaliona zaidi ya hapo. Yaliona ukuta mzima, na mbele yake benchi la mama lishe, masufuria yake, bodaboda watatu wanaongoja abiria, na mtoto aliyeegemea rangi ya bluu kana kwamba ilipakwa kwa ajili ya mgongo wake.

Mwongozo huu ni wa kuvipata vyote hivyo mahali pamoja, kwa picha pana, yaani panorama: picha moja iliyoungwa kutoka picha kadhaa zilizopigwa kwa mpangilio. Simu ya kawaida inatosha kwa karibu kila hatua. Mwenye kamera atafuata hatua zizo hizo.

Kwa nini tupige kwa upana

Michoro ya mitaani haikai. Ukuta hupakwa chokaa, hubomolewa kupisha barabara, hukodishwa kwa tangazo. Niliwahi kupiga ukuta mmoja Ilala, Dar es Salaam, kwa vipande vinane. Nilipofika nyumbani nikakuta kipande cha nne kimetikisika. Nikajiambia nitarudi Jumamosi. Jumamosi nikakuta ukuta wote una rangi moja na nembo ya kampuni katikati. Vipande saba ninavyo mpaka leo, na pengo lake.

Hata mchoro unaodumu hupungukiwa maana ukiutenga na mahali pake. Vichwa vinne vilivyochorwa kwenye ubao wa kinyozi, kila kimoja na mtindo wake wa kunyoa, vinaeleweka kwa sababu pembeni kuna mlango wenye pazia, kiti, na vijana wanaongoja zamu. Nganya, yaani matatu ya Nairobi iliyopakwa rangi kutoka boneti hadi mkia, inataka steji yake, makanga wake mlangoni na abiria wanaochungulia dirishani. Upana ndio unaokuwezesha kuonyesha mchoro huo uko kwa nani.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwenye picha ya kawaida unachagua nani aingie. Picha pana inachukua na jirani: mtu aliyekaa pembeni kabisa, ambaye hakuona kwamba kamera itamfikia, naye yumo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kabla hujagusa kitufe.

Njia mbili, usizichanganye

Njia ya kwanza ni kuzunguka. Unasimama mahali pamoja, unageuza kamera kidogo kidogo kama anayeangalia huku na huku. Hii ni ya kijiwe, soko, makutano ya vichochoro, ufuo wenye ngalawa: mahali palipokuzunguka.

Njia ya pili ni kutembea. Unakwenda sambamba na ukuta, umbali ule ule, ukipiga picha moja kila baada ya hatua kadhaa. Hii ni ya kitu kirefu kilicho bapa: ukuta wa shule, uzio wa uwanja, ubavu wa basi.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kutumia njia ya kwanza kwenye kazi ya pili. Mtu anasimama katikati ya ukuta, anafungua panorama ya simu, anazunguka kutoka kushoto hadi kulia. Ukuta ulionyooka unatoka umejaa katikati na kuchongoka ncha zote mbili, kama mtumbwi. Simu haikukosea. Katikati ya ukuta palikuwa karibu nayo, ncha zilikuwa mbali, na kilicho mbali huonekana kidogo. Dawa yake ni miguu.

> JARIBIO LA KIDOLE
> Nyoosha kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha ubadilishe upande. Kidole kinaruka, kwa kuwa kila jicho linakitazama kutoka mahali tofauti. Hiyo inaitwa paralaksi. Lenzi ikihama wakati unazunguka, nguzo iliyo karibu itaruka vivyo hivyo dhidi ya ukuta ulio nyuma, na picha hazitaungana vizuri. Kwa hiyo katika njia ya kuzunguka, lenzi ibaki mahali pamoja na mwili wako uizunguke.
> Katika njia ya kutembea lenzi inahama kwa makusudi. Ukuta hautasumbua, kwa kuwa ni bapa. Kitakachosumbua ni kila kilichosimama mbele yake: mti, nguzo ya umeme, mtu.

Saa na upande wa jua

Kwetu jua la saa sita mchana liko karibu na utosi. Linatupa kivuli cha paa juu ya mchoro na kuyafanya macho ya watu mashimo. Vizuri ni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni.

Ukuta unaotazama mashariki una mwanga asubuhi, unaotazama magharibi una mwanga jioni. Hilo kila mtu analijua. Lisilozingatiwa ni kuta zinazotazama kaskazini na kusini. Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, mgeuko huo huja katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Ukuta unaotazama kusini ukiuendea Juni utaukuta kivulini kutwa nzima. Ukiuendea Desemba unapigwa na jua.

Usikimbie kivuli. Ukuta ulio wote kivulini hupigika kwa urahisi kuliko ukuta wenye nusu jua na nusu kivuli, kwa sababu vipande vyote vinapata mwanga mmoja na mshono hauonekani. Siku ya mawingu mepesi ni siku ya kazi.

Angalia na aina ya rangi. Rangi ya maji haing'ai sana. Rangi ya mafuta inarudisha jua kama kioo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, na wachoraji waliomfuata, ambao ushirika wao uko Oysterbay, hawajauacha ule mng'ao. Ukipiga kazi ya namna hiyo, au ubavu wa nganya, usisimame mahali ambapo jua lililo nyuma yako linaugonga mchoro na kukurudia machoni. Sogea kando hadi doa jeupe liondoke. Mwenye kamera anaweza kufunga kioo cha kuzuia mng'ao mbele ya lenzi, ila akishakizungusha na kupata anachotaka asikiguse tena hadi picha ya mwisho. Kwenye panorama ya kuzunguka yenye anga kubwa akivue kabisa, maana anga litatoka na bonge la buluu iliyokolea upande mmoja.

Kabla ya kamera: hodi

Nenda mara ya kwanza bila kupiga. Tazama nani anakaa wapi, duka linafunguliwa saa ngapi, msikiti uko upande gani na watu wanatoka swala saa ngapi. Kisha zungumza. Kwa Tanzania Bara, ukipanga kukaa muda na tripodi mtaani, pita ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti. Itakuchukua dakika kumi, na itakuokoa siku atakapotokea mtu kuuliza umetumwa na nani.

Kwa aliye mbele ya ukuta, maneno ni machache:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Karibu chai.

— Ahsante mama. Naomba kupiga picha ya ukuta huu wote, kutoka pale kwenye mti hadi kwa kinyozi. Banda lako litaonekana. Ungependa uwemo, au nisubiri ukiingia ndani?

— Niwemo. Ngoja kwanza nibadili khanga.

Zingatia mambo mawili katika ombi hilo. Umeonyesha kwa kidole picha inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa sababu hakuna awezaye kukisia upana wa panorama. Na umempa nafasi ya kukataa bila kukufukuza: anaweza kuingia ndani dakika tano, nawe ukapata ukuta wako.

Zunguka na wengine wote walio ndani ya mipaka hiyo. Watoto waombewe kwa wazazi wao. Akikataa mmoja kati ya kumi, subiri aondoke au anza picha baada yake. Kumfuta baadaye kwenye kompyuta bila yeye kujua hakumwondolei wasiwasi aliokuwa nao ulipokuwa umemwelekezea lenzi.

> ONYO: KILICHO PEMBENI
> Panorama huingiza hata usichokikusudia. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ukigeuka nusu duara ukiwafuata wauza samaki na boti zao unaweza kuingiza kivuko, mlango wa bandari na majengo ya Ikulu ya Magogoni katika picha moja. Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, madaraja na viwanja vya ndege ni mahali ambapo kamera italeta maswali, na kwa mengi kuna katazo la kisheria. Geuka duara zima kwa macho kabla hujageuka kwa kamera.
> Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uso wa mtu anayetambulika uchukulie kuwa ni taarifa yake.
> Mchoro nao una mwenyewe. Sheria za hakimiliki za Kenya na za Tanzania hazifanani kuhusu picha za sanaa iliyo hadharani. Ukitaka kuuza picha, kuitia kwenye kalenda au tangazo, mtafute mchoraji kwa sahihi yake iliyo pembeni ya ukuta, mwandikiane.

Hatua za kutembea: ukuta mrefu

Kwanza hesabu ndogo, ambayo itakuondolea kubahatisha. Simu nyingi, zikishikwa wima kwa lenzi ya kawaida ya 1x, huona upana unaokaribiana na umbali uliosimama. Ukiwa mita 4 kutoka ukutani, kila picha inachukua ukuta wa mita 4 hivi kwa upana, na zaidi ya mita 5 kwa urefu wa kwenda juu. Ipime simu yako mara moja kwa futi ya fundi, uandike jibu.

Kila picha ipandane na iliyotangulia kwa nusu. Kwa hiyo kwa umbali wa mita 4, sogea mita 2 kila mara. Ukuta wa mita 12 utahitaji picha 5, na mimi huongeza moja kila ncha ili nipate na kilicho jirani.

1. Futa lenzi. Simu inayotoka mfukoni ina mafuta ya vidole, na ukungu unaouona kwenye picha zako mara nyingi si ukungu. Kipande cha khanga kuukuu, laini na safi, kinafaa.
2. Chora mstari wa chaki ardhini, sambamba na ukuta, kwa umbali uliouchagua. Kama kuna ukingo wa njia ya miguu ulionyooka, umepata mstari wa bure.
3. Tia alama kila mita 2. Hatua mbili kubwa za mtu mzima hukaribia hapo, lakini pima.
4. Shika simu wima, kifuani au usoni, ila usibadilishe katikati ya kazi. Washa mistari ya gridi kwenye skrini, na mstari wa chini wa ukuta uukalishe mahali pale pale kila picha.
5. Gusa skrini kwenye sehemu ya ukuta yenye mwanga wa wastani, ushikilie kidole hadi alama ya kufuli itokee. Umefunga fokasi na mwangaza. Usipofanya hivyo, simu itang'arisha picha yenye rangi nyeusi na kufifisha yenye nyeupe, na ukuta wako utatoka na mabaka. Simu yenye hali ya kitaalamu, funga na mizani ya rangi pia.
6. Uso wa simu uutazame ukuta moja kwa moja. Usiinamishe, usigeuze bega.
7. Piga, sogea, piga. Ukifika mwisho, rudi ukipiga tena seti nzima. Ile seti yangu ya Ilala ingekuwa na nakala, nisingekuwa na pengo.

Huku unapiga, mgongo wako uko barabarani. Bodaboda anakuona wewe, wewe humwoni. Mitaro mingi mijini haina mifuniko, na anayerudi nyuma akitazama skrini ndiye anayetumbukia. Nenda na mwenzio awe macho yako ya nyuma. Kama huna, mwombe kijana wa kijiweni, umkatie soda.

Ubavu wa nganya hupigwa hivi hivi, ikiwa imesimama. Mahali pazuri ni pale inapooshwa asubuhi, kabla haijaingia njiani: ni safi, haina haraka, na dereva na makanga wake hupenda ionekane. Kwenye steji saa ya msongamano utapata magoti ya abiria na hasira ya watu wanaowahi kazini.

Hatua za kuzunguka: kijiwe, soko, makutano

Hapa kazi ni kuituliza lenzi mahali pamoja. Tripodi inasaidia, lakini kuna kifaa cha shilingi chache ambacho fundi mwashi yeyote anacho: timazi. Funga uzi kwenye simu, usawa wa lenzi, uning'inize nati au jiwe dogo mpaka likaribie kugusa chini. Weka kizibo cha soda ardhini chini yake. Kila unapogeuka, wewe ndiye unayeizunguka simu, na nati ibaki juu ya kizibo. Utajiona wa ajabu kidogo, na watoto watakuja kutazama. Picha zitaungana.

1. Simama katikati ya kile unachotaka, pasipo na nguzo wala meza iliyo chini ya mita moja na nusu kutoka kwako.
2. Jifikirie umesimama juu ya uso wa saa. Simu ikiwa wima, geuka "saa" moja kwa kila picha: picha 12 zinafunga duara zima, picha 6 au 7 zinatosha nusu duara, na mpandano unabaki wa kutosha.
3. Funga fokasi na mwangaza kama mwanzo. Chagua sehemu ya wastani, usivifunge kwenye anga.
4. Anza upande wenye watu wengi, kwa kuwa hao ndio wasiotulia.
5. Kwa kila "saa", ngoja. Mtu anayepita apite. Aliyekaa awe mzima ndani ya picha moja. Programu itaweka mshono kati ya picha na picha, na mshono ukipita juu ya mtu utampa miguu mitatu. Upeleke kwenye ukuta mtupu.
6. Palipo na mwendo mwingi, piga picha tatu nne bila kusogea. Utachagua baadaye.

Panorama ya moja kwa moja ya simu, ile ya kufuata mshale, inafaa kwa mandhari isiyo na mwendo, na kwa kujifunza. Ujue tabia yake: bajaji inayokwenda upande unaogeukia hurefuka, inayokuja kinyume hufupika na kubaki kama kopo lililokanyagwa. Simu nyingi za bei nafuu pia hupunguza ubora wake. Kwa kazi ya kuhifadhi, piga vipande.

Mfano mmoja kamili: Jaws Corner, Mji Mkongwe

Zanzibar, ndani ya Mji Mkongwe, kuna makutano ya vichochoro yaliyopewa jina la filamu ya mwaka 1975 ya papa mla watu. Kuna papa aliyechorwa, kuna baraza za kukalia, kuna kahawa katika vikombe vidogo, na kuna mazungumzo ya siasa na mpira yasiyokauka. Kwa mpiga picha pana ni somo zima, kwa sababu usiposimama katikati hukipati kijiwe chote, na katikati ndipo watu wanapotazamana.

Ningeenda hivi. Ningefika jioni baada ya saa 10, wakati majengo marefu yameshaweka makutano yote kivulini na mwanga ni mmoja. Saa sita jua hupenya kama visu kati ya paa, na kamera haiwezi kuushika ukuta mweupe unaowaka na uso ulio kivulini kwa pamoja.

Ningekaa kwanza. Salamu, kikombe cha kahawa, na cha pili. Ningesikiliza mpaka mtu aniulize natoka wapi. Kisha: "Wazee wangu, naomba ruhusa. Nataka picha moja inayozunguka baraza yote, kutoka kwa muuza kahawa hadi nimrudie mwenyewe." Asiyetaka angepewa muda wa kuhama upande au kuketi nyuma ya lenzi hadi nimalize. Wapo wageni wanaopita hapo wakipiga wazee kama wanavyopiga milango ya nakshi. Wazee wanaliona hilo, na wanayo haki ya kuchoka nalo.

Kisha kizibo chini, timazi, "saa" kumi na mbili, polepole, ikiwezekana mara mbili. Vichochoro vyenyewe ni vyembamba na kuta ni ndefu, kwa hiyo kwa kila kichochoro ningeongeza picha moja nikiwa nimeinua simu juu kidogo, ili mabalkoni na kile kipande cha anga visikatwe. Kichochoro kinachovutia peke yake kinaweza kupewa panorama ya kusimama: picha nne kutoka sakafuni hadi angani, simu ikiwa imelala.

Kuunganisha

Kwa kompyuta, Hugin ni programu ya bure na inaweza kazi zote mbili. Zipo na za kulipia. Popote utakapounganisha, maamuzi ni haya:

1. Nakili picha zote kwanza. Fanya kazi na nakala.
2. Iambie programu kamera ilifanya nini. Chaguo la kawaida hudhani ulizunguka. Kama ulitembea, tafuta chaguo linaloruhusu kamera kuhama, la sivyo utapata ule mtumbwi tuliouzungumzia.
3. Chagua namna ya kuikunjua. Kwa ukuta, bapa, ambayo kwenye Hugin ni rektilinia: mistari iliyonyooka inabaki imenyooka. Kwa kijiwe cha nusu duara na zaidi, silinda, kwa kuwa bapa huanza kuvuta ncha vibaya ukikaribia nyuzi 100 hivi.
4. Nyoosha upeo. Chukua kona ya nyumba unayojua imesimama wima, uilinganishe picha nayo.
5. Kagua kila mshono kwa kukuza. Tafuta mikono, magurudumu, maandishi. Herufi iliyorudiwa kwenye jina la mchoraji ni kosa lisilosameheka, badilisha kipande.
6. Kata kingo, ila usikate mpaka mtaa ukaisha. Acha mti wa mwanzo na kiti cha kinyozi.

Rangi usizikoleze. Rangi iliyopauka kwa jua la miaka mitatu ni habari ya ukuta huo.

Kuchapa na kurudisha

Mama uliyemwomba ruhusa anataka kuiona. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, itabanwa na upana wote utakuwa ukungu. Itume kama hati. Nakala ya karatasi ni bora zaidi. Studio nyingi zina karatasi za vipimo vya kawaida, na panorama humo huacha nafasi tupu juu na chini. Nenda kwa wachapaji wa mabango. Mashine zao hutumia maturubai ya fleksi yaliyoviringishwa, hulipisha kwa mita ya mraba, na picha ndefu nyembamba kwao ni kazi ya kila siku. Ukuta wetu wa mita 12, uliopigwa vipande 5 kwa simu ya megapikseli 12, unafika pikseli 9,000 kwa upana, ambazo zinatosha kuchapa mita moja na nusu kwa pikseli 150 kila inchi. Ndani ya banda la mama lishe hiyo ni picha ya ukuta mzima.

Orodha ya kubeba na kukumbuka

☐ Simu iliyochajiwa, nafasi ya kutosha kwenye kumbukumbu
☐ Kitambaa laini
☐ Chaki, futi ya fundi, uzi na nati, kizibo
☐ Mwenzio wa kulinda mgongo
☐ Ruhusa ya kila aliye ndani ya mipaka ya picha
☐ Duara zima limetazamwa: hakuna jengo la kukatazwa
☐ Fokasi na mwangaza vimefungwa
☐ Seti mbili, si moja
☐ Picha moja ya karibu ya sahihi ya mchoraji

Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, andika: mtaa, tarehe, saa, jina la mchoraji kama lipo, ukuta unatazama upande gani, ulisimama umbali gani, na alama ya kudumu iliyo karibu na miguu yako, mfano mfuniko wa bomba au nguzo yenye namba. Mafaili yaite kwa tarehe na mtaa, mwaka ukitangulia, ili yajipange yenyewe. Kisha rudi baada ya miezi sita, usimame juu ya alama ile ile, saa ile ile, upige tena. Ukikuta ukuta umepakwa upya, piga hivyo hivyo ulivyo, vipande vyote.